Kijana anataka kulala porini? Kwanza mjue eneo ni la nani

Simu iliita saa 10 alfajiri. Kila mzazi anajua simu ya saa hizo inavyomfika: inamgonga tumboni kabla hajaipokea.

“Mama, usishtuke,” alisema kijana wangu, na hapo ndipo nilipoanza kutetemeka.

Alikuwa likizo ya chuo. Yeye na wenzake watatu walibeba mabegi mgongoni, mahema mawili na sufuria moja, wakaenda kutembea kwa miguu katika milima ya Usambara. Siku ya pili jioni walifika kando ya msitu, mahali pazuri penye kijito, pasipo na uzio wala kibao. Wakasimamisha mahema, wakawasha moto, wakapika wali, wakalala.

Saa 5 usiku waliamshwa na mwanga wa tochi na sauti za watu wengi. Walikuwa wanakijiji wa doria ya msitu. Kwa muda mrefu walikuwa wakiwasaka watu wanaopasua mbao kwa siri, na moshi ule wakadhani ni wao. Vijana hawakupigwa, namshukuru Mungu, lakini waliongozwa gizani na mizigo yao hadi ofisi ya kijiji, wakaketi kwenye benchi hadi kukakucha. Simu niliyopokea ilitoka kwenye benchi hilo.

“Mko wapi?” nilimuuliza.

Akanyamaza. Kisha nikamsikia akimuuliza mtu pembeni yake, “Samahani, mzee, hapa panaitwaje?”

Swali hilo liliniumiza kuliko yote. Mwanangu alikuwa amelala mahali asipopajua jina. Kama angeumwa na nyoka au kuteguka mguu, mimi ningewaambia nini watu wa kumtafuta? Waende Usambara yote?

Asubuhi mtendaji wa kijiji aliandika majina yao, akawaagizia chai na mihogo, kisha akawauliza, “Kwa nini hamkupita hapa jana jioni? Mngelala pale uwanja wa shule, na mlinzi yupo.”

Aliporudi nyumbani tulizozana. “Lakini mama, ule msitu ni wa umma,” alisema.

“Hata soko ni la umma. Umewahi kulala sokoni?”

Baba yake alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la swali lake lililofuata: “Sawa, basi wapi panaruhusiwa?”

Ilituchukua wiki kadhaa za kusoma, kupiga simu na kwenda kuuliza. Haya ndiyo tuliyoyapata, na nayaandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye kijana wake ameshanunua begi na hema, bado tu kuaga.

Ya umma, lakini ina mtunzaji

Kijana wangu hakukosea kabisa. Kwa sheria zetu, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Lakini sheria hizo hizo, yaani Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeigawa ardhi hiyo katika makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla.

Ardhi ya hifadhi si mbuga za wanyama peke yake. Humo mna misitu iliyohifadhiwa, maeneo ya bahari yaliyotengwa, hata ukanda wa pembeni mwa barabara kuu. Ardhi ya kijiji iko chini ya serikali ya kijiji husika, na nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000. Ardhi ya jumla ndiyo iliyobaki, na sehemu kubwa ya mijini imo humo.

Kwa hiyo ukisimama popote na begi lako, hata kama huoni uzio wala nyumba, umesimama mahali penye mtu au ofisi ya kupatunza. Swali la kuuliza si “hapa ni pa umma?” maana jibu lake ni ndiyo kila mahali. Swali ni “hapa anapatunza nani, na amesema nini kuhusu kulala?”

Tahadhari na mwongozo wa kwenye simu

Nilimuuliza kijana alitoa wapi wazo la kulala popote. Akanionyesha simu. Alikuwa amesoma mwongozo mzuri tu, wenye picha na ramani, ila uliandikwa kwa ajili ya Marekani. Kule, katika misitu mingi ya taifa na ardhi nyingine za serikali kuu, msafiri anaruhusiwa kupiga kambi bure mbali na barabara, kwa kawaida hadi siku 14 mahali pamoja. Scotland nako sheria ya mwaka 2003 inawapa watu haki ya kutembea na kulala kwenye hema katika sehemu kubwa ya nchi, mradi wawe na adabu.

Huku kwetu ruhusa hiyo ya jumla haipo. Vijana wengi hujifunza safari hizi kutoka kwenye video za ughaibuni, wakadhani sheria inasafiri pamoja na video. Mzazi, ukimkuta mwanao anapanga safari kwa simu, muulize kwanza: huyo anayekufundisha yuko nchi gani?

Hifadhi za Taifa: kambi zimeshachaguliwa

Hapa ndipo mambo yako wazi zaidi. Hifadhi za Taifa zinasimamiwa na TANAPA, na ndani yake hulali unapotaka wewe. Unalala kwenye kambi zilizotengwa.

Kambi hizo ziko za aina mbili. Kuna kambi za umma, ambazo mnachangia na wageni wengine na kwa kawaida zina vyoo, maji na kibanda cha kupikia. Na kuna kambi maalumu, ambazo ni za kundi moja peke yake, hazina huduma yoyote, na lazima uziombe mapema. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi getini. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa nje, kwa hiyo kijana asisahau kitambulisho chake.

Kila hifadhi ina utaratibu wake, na hapa ndipo wengi wanakosea. Mlima Kilimanjaro haupandwi bila kiongozi mwenye leseni. Njia ya Marangu watu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Njia ya Machame hulala kwenye mahema katika kambi zinazojulikana, kama Shira, Barranco na Barafu. Mlima Meru, ulio ndani ya Hifadhi ya Arusha, una vibanda vya Miriakamba na Saddle, na mnapanda na askari mwenye bunduki kwa sababu njiani kuna nyati na tembo. Serengeti si mahali pa kutembea na begi; kambi zake hazina uzio, na usiku fisi hupita kati ya mahema kama wenyeji.

Kwa kijana anayetaka kutembea kwa miguu hasa, Milima ya Udzungwa ingemfaa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na huzungukwi ndani yake kwa gari. Yote ni kwa miguu. Makao yake yako Mang’ula, na hapo ndipo pa kuulizia njia za siku moja na zile za kulala, kambi na askari wa kuwasindikiza.

Kilichonigusa mimi ni kitabu. Kilimanjaro, kila kambi mgeni anaandika jina lake kwenye daftari. Kijana wangu aliona ni urasimu. Mimi niliona kitu kingine kabisa: mtoto wa mwenzangu akikosekana jioni, kuna mtu atakayejua kwamba jana alikuwa kambi fulani na leo hajafika inayofuata.

Misitu: hapa ndipo vijana wanaponaswa

Msitu hauna geti kubwa kama mbuga, kwa hiyo ni rahisi kuingia bila kujua. Lakini misitu mingi ya milimani imehifadhiwa, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa shughuli nyingi ndani yake.

Misitu ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kati ya hiyo, iliyo na hadhi ya juu huitwa hifadhi za mazingira asilia. Ya kwanza ilikuwa Amani, Muheza, mwaka 1997. Siku hizi ziko nyingi: Magamba kule Lushoto, Uluguru Morogoro, Chome Upareni, na kwa wakazi wa Dar es Salaam iko Pugu-Kazimzumbwi karibu kabisa na mji. Hizi zimefunguliwa kwa utalii, na ukienda ofisi ya hifadhi yenyewe watakuambia njia zipi ziko wazi, wapi pa kusimamisha hema, kiasi gani cha kulipa, na kama lazima mwende na mwongozaji.

Kuna misitu mingine iliyo chini ya halmashauri za wilaya. Hiyo unaulizia kwa ofisi ya maliasili ya halmashauri. Na kuna misitu ya vijiji, ambayo inatunzwa na kamati za wanakijiji wenyewe. Kijana wangu alilala kwenye mmoja wa hiyo. Kwa macho, misitu yote mitatu inafanana: miti ile ile, ukungu ule ule. Ndiyo maana hakuna njia ya kujua isipokuwa kuuliza.

Tena moto. Kuokota kuni msituni na kuwasha moto bila ruhusa ndilo kosa linaloleta taabu upesi kuliko hema lenyewe. Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro kwa siku nyingi na kuteketeza eneo kubwa la uoto. Mnunulieni kijana jiko dogo la gesi. Ni nafuu kuliko matatizo.

Mapori ya akiba: pasipo kibali, msiguse

Kwenye ramani ya simu, pori la akiba linaonekana kama nafasi tupu ya kijani, hakuna barabara, hakuna mji. Kijana atasema, “Hapa hapana mtu, tutalala kwa amani.” Kuna wanyama, na kuna askari wanaowinda majangili. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuingia bila kibali ni kosa, achilia mbali kulala. Kundi la vijana lenye mizigo linalokutwa humo usiku halina namna rahisi ya kujieleza.

Baadhi ya maeneo ya wanyama yanaendeshwa na vijiji vilivyoungana, yanaitwa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Burunge huko Babati na Enduimet chini ya Kilimanjaro. Nako kuna ofisi, kuna utaratibu. Ulizeni.

Kijijini: adabu kwanza, hema baadaye

Safari nyingi za begi mgongoni nchini kwetu hazipiti mbugani. Zinapita vijijini. Njia ya Lushoto hadi Mtae, ambayo wageni wengi huipenda, inapita mashamba ya kabichi na viazi, misitu, tena mashamba. Huko kila kipande kina mwenyewe, hata kile kilichopumzishwa na kuota nyasi.

Utaratibu wake ni wa zamani na hauhitaji intaneti. Fikeni kabla jua halijazama. Tafuteni ofisi ya kijiji, au mwenyekiti wa kijiji, au wa kitongoji. Salimieni vizuri, kijana aliyezoea “mambo” akumbuke “shikamoo”. Jielezeni: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mnaomba kulala usiku mmoja. Onyesheni vitambulisho, majina yaandikwe.

Mara nyingi mtaelekezwa uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, au nyumbani kwa mtu. Kama ni shuleni, mwalimu mkuu naye aambiwe. Kama kuna mchango, ombeni stakabadhi. Kama ni nyumbani kwa mtu, kijana asiende mikono mitupu, hata sukari kilo moja ni salamu.

Mjini ni vivyo hivyo, ila unayemwona ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ingawa kusema kweli, mjini chumba cha gesti kinashinda hema.

Ufukweni na kando ya mito

Wengi wetu tunadhani ufukwe ni wa wote mchana na usiku. Mchana, pengine. Usiku, kuna hoteli zenye walinzi, kuna wavuvi wanaojua ni nani wa kwao na nani si wa kwao, na kuna wezi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo wakazi wa Dar es Salaam huvipenda mwishoni mwa wiki, ni maeneo tengefu ya bahari. Vina kiingilio na vina wasimamizi, kwa hiyo anayetaka kulala huko aulize kabla ya kupanda boti.

Mto nao una lake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Hema la usiku mmoja si jengo, lakini umbali huo ni kipimo kizuri cha kumpa kijana: asioge na sabuni mtoni, asijisaidie karibu na maji ambayo kijiji cha chini kinakunywa. Na kamwe asilale ndani ya korongo kavu lenye mchanga laini, hata kama ni pazuri namna gani. Mvua ikinyesha milimani, maji huteremka usiku wakati kule chini hamjaona hata wingu.

Maswali 7 ya kuuliza kwa simu

Mkishampata mtunzaji wa eneo, muulizeni haya, na kijana aandike majibu:

1. Kulala kwenye hema kunaruhusiwa, na ni mahali gani hasa? Panaitwaje?
2. Kibali kinatolewa na nani, na tukichukue wapi, siku ngapi kabla?
3. Tunalipa kiasi gani, kwa njia gani, na tunapata stakabadhi?
4. Lazima twende na mwongozaji au askari?
5. Moto unaruhusiwa? Maji ya kunywa yapo?
6. Njia iko wazi msimu huu? (Masika, Machi hadi Mei, njia nyingi za milimani huwa utelezi mtupu.)
7. Tukipata shida usiku, tumpigie nani?

Swali la saba ndilo langu. Msiondoke bila jina na namba. Zaidi ya hapo kijana ajue namba za bure za dharura: 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Na akumbuke kwamba milimani mtandao hukatika, kwa hiyo namba ziandikwe pia kwenye karatasi.

Karatasi ya kwenye friji

Likizo iliyofuata kijana alitaka kwenda tena. Sikumkataza. Angeenda tu, akaniambia anakwenda kwa rafiki yake. Nilimwambia sharti moja: aniletee karatasi yenye mistari mingapi, mstari mmoja kwa kila usiku.

Ilimchukua siku nne. Kila mstari ulikuwa na tarehe, jina la mahali, jina la mtunzaji, namba ya simu, na saa ambayo atanitumia ujumbe. Sehemu mbili za ramani yake zilibadilika kabisa. Moja alikataliwa, kwa sababu palikuwa chanzo cha maji cha kijiji. Nyingine aliambiwa asogee kilomita chache hadi karibu na zahanati, na akakiri mwenyewe kwamba hilo lilikuwa wazo bora kuliko lake. Usiku mmoja alikosa mahali pa kuruhusiwa, basi wakaupunguza kwenye safari.

Tuliibandika kwenye friji. Tukakubaliana pia nitasubiri kwa muda gani: ujumbe usipofika saa 2 usiku, nampigia mtu wa kwenye mstari huo; asubuhi ikifika bila habari, napiga polisi. Hatukutaka nibaki nikihesabu dakika huku nikijiuliza kama nina wasiwasi wa kweli au wa kimama.

Usiku wa kwanza ujumbe ulifika saa 12 na nusu jioni: “Tumefika. Tumeandika majina. Mwenyekiti anakusalimia.”

Usiku wa tatu haukufika. Saa 2 ilipogonga nilipiga namba ya kwenye karatasi, mkono ukinitetemeka kama ile alfajiri. Akapokea mwanamke. Nikajitambulisha, nikaeleza.

“Aaa, mama yake yule mrefu,” alisema. “Wako hapa kwangu wanakula makande. Simu zao zimeisha chaji. Subiri nimwite.”